Miezi Saba Isiyo na Mwenyewe

Mwezi Aprili mwaka huu nilikwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa kupeleka msibani. Kijana aliyenibebea gunia hadi garini aliona kibandiko cha chuo kwenye kioo, akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kunisalimu.

"Shikamoo mzee. Wewe ni wa chuo?"

"Marahaba. Nafundisha huko."

"Eti mzee, mtu akisoma PCB akakosa udaktari, anakuwa nani?"

Alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba iliyotangulia katika shule ya kata huko Ukerewe, na matokeo ya Januari yalimpa daraja la kwanza. Aliijaza PCB kwenye fomu ya uchaguzi kwa sababu mwalimu aliwaambia kwamba wenye akili huchagua PCB. Tangu Januari yupo mwaloni, analala kwa shemeji yake, anabeba magunia, anasubiri kupangiwa shule. Nilianza kumjibu kama mhadhiri, yaani kwa kirefu, hadi mwenye mzigo mwingine akamwita naye akaondoka mbio. Nilipokuwa njiani ndipo nilipotambua kwamba kijana yule anabeba samaki kutwa nzima, na kwamba kutoka hapo hadi Nyegezi, kwenye chuo cha uvuvi cha FETA, ni safari ya daladala tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dagaa anayembeba mgongoni ni somo ambalo watu husomea shahada.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu muda ambao kijana yule anauishi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano na vyuo vya kati hutangazwa karibu na katikati ya mwaka, na masomo huanza Julai. Ni miezi saba, wakati mwingine zaidi kidogo. Katika miezi hiyo mtoto wa miaka 17 au 18 si mwanafunzi wa mtu yeyote. Sare ameivua, kwa hiyo konda wa daladala anamtoza nauli ya mtu mzima. Mkuu wa shule aliyotoka hamdai na mkuu wa shule aendako bado hamjui. Ukimuuliza afisa yeyote wa elimu ni nani anayewajibika kwa kijana huyo mwezi wa Machi, atafikiri kidogo, kisha atakutajia mzazi.

Haya si malalamiko dhidi ya ofisi moja. Ni namna ofisi zilivyogawana kazi. Wizara ya Elimu hutunga sera. TAMISEMI huendesha shule na kuwapangia wanafunzi. NECTA hutahini. NACTVET husimamia vyuo vya kati na vya ufundi, TCU husimamia vyuo vikuu, Bodi ya Mikopo hukopesha, na JKT huwachukua wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Kila chombo kina sheria yake, bajeti yake, mfumo wake wa kompyuta na nenosiri lake. Kila kimoja, kwa haki kabisa, kinaweza kusema kimefanya kazi yake. Kijana huishi katika nafasi zilizo kati ya vyombo hivyo, na nafasi hizo hazina mkurugenzi.

Mimi mwenyewe niliishi humo. Enzi zetu mtihani wa kidato cha sita ulifanyika Februari, na chuo kikafunguliwa karibu mwisho wa mwaka. Miezi ile niliitumia kuuza mafuta ya taa kwenye kibanda cha mjomba huko Sengerema. Sikuharibika, namshukuru Mungu, lakini nilipofika mwaka wa kwanza nilikuwa nimesahau hesabu, Kiingereza changu kilikuwa kimepata kutu, na sikuwa nimewahi kuandika insha ya kurasa tano yenye hoja. Wenzangu wawili tuliokuwa darasa moja hawakufika kabisa. Mmoja alikuwa msichana, na alikuwa akinishinda fizikia.

Kusubiri hakutuangukii sote kwa uzito ule ule. Familia yenye uwezo pale Capri Point au Isamilo haimwachi mtoto akae bure: Januari anapelekwa kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha tano katika shule binafsi, analipiwa kozi ya kompyuta, anatafutiwa shangazi aliyeko hospitalini wa kumweleza kazi za afya zilivyo. Mtoto wa Kome, Ukara au Maisome anakwenda mwaloni, kwenye bodaboda, au kwenye shamba la mpunga la jirani. Msichana anakwenda kwenye nyumba ya mtu kusaidia kazi, na huko, miezi ikiwa mingi, huja mchumba au huja ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu hiyo warudi shuleni, na ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, huyu ninayemzungumzia hakukatisha masomo. Aliyamaliza, akafaulu, akasubiri.

Tumefuta ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Maana yake taifa linalipia upande huu wa pengo na upande ule. Lenyewe pengo tumeliachia familia, kila moja kwa kadiri ya mfuko wake.

Katika ziwa letu hili kuna mji wenye historia ambayo wanaopanga elimu wangepaswa kuikumbuka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililopewa jina la mji huo. Watu wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Sehemu yake nyingine ilihusu Chuo Kikuu: mhitimu wa kidato cha sita asiende chuoni moja kwa moja, bali apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa angalau miaka miwili, kisha aombe akiwa na pendekezo la mwajiri wake na la Chama. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nzito, na mimi siibezi. Alitaka wasomi wanaoijua nchi kwa mikono yao, wasiodhani kwamba cheti ni hati ya kuwatawala wengine. Nimewafundisha vijana ambao mwaka mmoja wa kazi ungewasaidia kuliko mihadhara yangu yote.

Lakini azimio liligonga mwamba mahali ambapo wajumbe, wengi wao wanaume, hawakupatazama vizuri. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka. Mwanamume wa miaka 20 akiambiwa asubiri, anasubiri. Mwanamke wa umri huo akiambiwa asubiri, watu wengine wanaanza kuupangia muda wake matumizi. Haikuchukua miaka mingi wanawake wakaondolewa sharti hilo, na baadaye utaratibu wenyewe ukalegezwa. Lililotufikisha hapo lilikuwa uamuzi uliotangazwa, uliojadiliwa na uliorekebishwa ulipoonekana kuumiza. Miezi saba ya leo haikuamuliwa na kikao chochote. Ni mabaki tu ya kalenda, ndiyo maana hakuna kikao kinachoitwa kuirekebisha.

Mwaka huo huo wa 1974, New York, chuo cha jamii cha LaGuardia kilifungua ndani ya majengo yake shule ya sekondari iliyoitwa Middle College. Aliyeibuni wazo hilo, Janet Lieberman, hakuwalenga watoto waliokuwa wakiongoza mitihani. Aliwalenga wale waliokuwa karibu kuacha shule. Dhana yake ilikuwa kwamba kijana anayeketi kwenye ukumbi wa chuo, akatumia maktaba ya chuo na kupata alama zinazohesabika chuoni, huanza kujiona mtu wa chuo kabla barua ya udahili haijaandikwa. Kutokana na mwanzo huo Marekani leo ina shule nyingi ambazo mwanafunzi anamaliza sekondari akiwa tayari na sehemu ya masomo ya chuo mkononi. Sipendekezi tunakili, mazingira yetu ni mengine na fedha zetu ni nyingine. Ninachoazima ni swali lao la kwanza: nani hasa anahitaji chuo kimfikie mapema? Jibu lao halikuwa watoto wa shule za vipaji.

Kwetu hapa majaribio hayakukosekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha programu ya kuwaandaa wasichana wa sayansi kabla ya kuingia mwaka wa kwanza, nayo ilifungua mlango kwa wengi ambao sasa ni wahandisi na walimu. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa waliopungukiwa alama. Zote mbili humsaidia aliyekwisha kujikwaa. Ninachokitafuta ni utaratibu wa kumshika mkono anayetembea vizuri, lakini katika barabara isiyo na taa.

Tazama kile ambacho Mwanza tayari inacho. Malimbe kuna SAUT. Bugando kuna chuo kikuu cha sayansi za afya ndani ya uzio mmoja na hospitali ya rufaa. Nyegezi kuna FETA, Nyakato kuna VETA, Butimba kuna chuo cha ualimu. IFM na CBE zina kampasi zao hapa. Ukiriguru kuna chuo cha kilimo kando ya kituo cha utafiti ambacho wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanakijua tangu enzi za wakoloni. Hata Ukerewe kuna chuo cha ualimu, Murutunguru. Na tangu Juni 2025 mtu wa Sengerema haisubiri tena pantoni: Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, linamvusha kwa dakika chache. Kijiografia, watoto wetu hawajawahi kuwa karibu na vyuo kiasi hiki. Bado mwanafunzi wa shule ya kata iliyoko kilomita mbili kutoka lango la chuo huliona lango hilo kama ukuta.

Ninachopendekeza ni kidogo, nami nitakieleza kwa hesabu ili mtumishi wa umma anayesoma hapa aweze kunisahihisha. Katika mfumo wetu wa elimu ya juu krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 8 ni saa 80. Kati ya Februari na katikati ya Juni kuna Jumamosi zisizopungua 16. Saa tano kila Jumamosi, unazipata saa 80. Sizungumzii kuhamisha mwaka wa kwanza kwenda sekondari. Nazungumzia kozi moja, au mbili kwa mwenye bidii.

Kozi ipi? Ya kwanza iwe stadi za mawasiliano. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaisoma, popote aendako, na mimi nimeifundisha kwenye kumbi za watu mia kadhaa ambako aliyekaa nyuma anaona tu midomo yangu ikicheza. Kuandika aya, kusoma jedwali, kunukuu bila kuiba, kutoa hoja mbele ya watu: hayo hujifunzwa vizuri katika kundi la watu 30 au 40, na hayahitaji kidato cha sita. Ya pili itokane na mahali. Aliye Nyegezi afundishwe misingi ya ufugaji wa samaki kwa vizimba, ambao sasa unaenea ziwani na unahitaji watu wanaojua kupima ubora wa maji. Aliye Ukiriguru ajifunze udongo. Aliye Bugando atazame kwenye hadubini chembe alizozikariri kwenye daftari. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, 49 kati yake zikiwa mpya. Ni hatua nzuri, lakini kwa kijana ambaye hajawahi kumwona mtu anayetumia elimu hiyo, orodha ndefu ni giza refu tu. Mwanafunzi huruhusiwa kubadilisha machaguo yake baada ya matokeo. Atabadilisha kwa kujua nini, ikiwa Februari hadi Juni yupo Kirumba anabeba magunia?

Kazi ngumu haipo kwenye kufundisha. Ipo kwenye uratibu, na hapo ndipo mipango ya namna hii hufia. Saa 80 za kijana zisipotambuliwa na yeyote zitabaki semina, na semina tunazo za kutosha. Lazima pawe na mamlaka itakayosema: alama hii, ya kijana huyu, itahesabika siku atakapodahiliwa. TCU tayari ina miongozo ya kuhamisha krediti kutoka chuo kikuu kimoja hadi kingine. Mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, yenye mkondo wa amali, imekubali kimsingi kwamba mwanafunzi anaweza kujifunza ujuzi wa kazi akiwa bado sekondari. Yaani wazo limeshaingia ndani ya nyumba. Limekaa sebuleni likisubiri kuonyeshwa chumba.

Hata ufunguo wa kuunganisha mifumo upo. Namba ya mtihani ambayo NECTA humpa mtoto kidato cha nne humfuata kila mahali: TAMISEMI humpangia kwa namba hiyo, vyuo humdahili kwayo, Bodi ya Mikopo humtambua kwayo. Matokeo ya kozi za awali yakihifadhiwa chini ya namba hiyo hiyo, hakuna mfumo mpya wa kununua wala mzabuni wa kutafuta. (Najua kuna watakaosikitika kwa sentensi hiyo.)

Uratibu ukae wapi? Nimelifikiria sana hili, nami nasema usikae kwenye vyuo, kikiwemo changu. Kila Januari, matokeo yakitoka, wazazi hupigiwa simu na watu wasiowajua wakiwaahidi nafasi, punguzo na ajira. Vyuo vinahitaji wanafunzi, na anayehitaji wanafunzi si mshauri mwema wa mwanafunzi. Dawati likae kwa Afisa Elimu Mkoa, chini ya Katibu Tawala, likiwa na mtu mmoja mwenye kazi hiyo tu. Huyo ndiye atakayejua kila mwezi wa Februari kwamba Ilemela ina vijana wangapi wanaosubiri, Ukerewe wangapi, chumba gani Butimba hakitumiki Jumamosi, na mhadhiri gani amejitolea kisha hakutokea.

Nimejadili wazo hili na wenzangu, na hoja zao si za kupuuza. Mmoja aliniuliza kwa nini nimbebeshe mtoto mzigo wa chuo ilhali hata kidato cha tano hajakiona. Je, si heri apumzike? Nilimwambia aje naye Kirumba tuone anavyopumzika. Mwingine aliuliza nani atalipa. Nauli na chakula cha mchana vitahitaji fedha, sitadanganya, na kwa vijana wa visiwani gharama itakuwa kubwa zaidi. Kwao itabidi kutumia Murutunguru au kukusanya saa zote katika wiki chache za bweni, shule zinapokuwa likizo. Kwa upande wa walimu, kazi ya mhadhiri ina sehemu tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Ya tatu huandikwa kwenye mikataba yetu na kusahaulika tunapopandishwa vyeo. Kozi moja ya Jumamosi ikihesabiwa vizuri kwenye fomu ya kupandishwa cheo, kumbi zitajaa wahadhiri kabla ya wanafunzi.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilitoka kwa mwalimu wa sekondari, mama mmoja aliyefundisha miaka mingi Magu. Alisema: "Daktari, mtawachukua wale wale. Mtaweka tangazo kwenye mtandao, wataliona watoto wenye simu." Sikuwa na jibu siku hiyo. Sasa naona usajili usitegemee tangazo. Mkuu wa shule awaandikishe wote watakaotaka kabla hawajaondoka Novemba, siku ya mtihani wa mwisho, kwenye karatasi, na nafasi za kwanza zipewe shule za kata, wasichana wakitangulia. Nafasi zikibaki, ndipo shule nyingine zije.

Mwezi uliopita niliandika barua ya kurasa mbili nikiyaeleza haya na kuipeleka kwenye ofisi inayohusika. Ilipokelewa kwa heshima, ikagongwa muhuri. Nilielezwa kwamba suala la wahitimu wa kidato cha nne wasiopangiwa shule halipo chini ya dawati hilo, na nikashauriwa nijaribu ghorofa ya juu. Huko nilielekezwa nirudi ghorofa ya chini. Sina kinyongo, maafisa wote wawili walinijibu ukweli mtupu.

Nina chumba cha viti 40 ambacho Jumamosi hakina ratiba, na nimepata wenzangu watatu waliokubali kufundisha bila posho kuanzia Februari. Mwalimu yule wa Magu amekubali kukusanya majina. Kinachokosekana ni sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba alama watakayoipata itahesabika. Kijana wa Kirumba nilimtafuta tena mwezi Julai. Shemeji yake alisema alipangiwa shule mkoa mwingine, tahasusi ile ile ya PCB, na kwamba aliondoka akiwa amechelewa wiki mbili kwa sababu alikuwa bado anadunduliza nauli.